Naomba unitafutie leza

Ngara, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako Mueni,

Salamu nyingi sana. Huku sote wazima, mama anakusalimia, Kamau hatimaye kahamia Syokimau. Mengine nitakupigia. Leo nina shida moja.

Msimamizi wangu anataka nibadilishe mada ya tasnifu. Ati leza za mapigo ya kasi si kazi ya mahali pasipo na vyombo, niandike juu ya sola kama wenzangu. Sola ni nzuri, lakini moyo wangu hauko huko.

Fikiria laini ya gigabiti 40 kwa sekunde. Biti moja, yaani moja au sifuri, hudumu pikosekunde 25 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Ndani ya faiba ni kipande cha mwanga cha milimita 5 tu! Mpokeaji lazima ajue kila kipande kinaanzia wapi, na saa, yaani mdundo wa kuhesabia biti, haitumwi kando, imejificha humo humo kwenye data. Ili kuitoa saa hiyo, chukua leza ya indiamu fosfaidi (aina ya semikondakta), urefu milimita moja hivi. Sehemu ndefu unaipa stima ikuze mwanga. Ile fupi unaipa volti ya kinyume, imeze mwanga hafifu na kupitisha wenye nguvu. Mwanga ukienda na kurudi humo ndani, mapigo yanatoka yenyewe, karibu gigahezi 40, yaani bilioni 40 kwa sekunde. Ingiza data yenye kasi inayokaribiana na hiyo, na leza inaacha mwendo wake, inafuata wa data, na hapo umepata saa. Zikija sifuri mfululizo, yaani giza tupu, bado inapiga, kama makofi ya ngomani mwimbaji anapovuta pumzi.

Huygens aliona saa zake mbili za pendulamu zikifuatana hivyo mwaka 1665. Hii ni fizikia ya siku nyingi, Mueni, si anasa ya matajiri. Na nyaya za baharini zinatua Mombasa tangu 2009! Kwa nini tuwe watu wa kulipia bando tu?

Ninachotaka kujua ni hiki: leza itahimili sifuri ngapi kabla mapigo hayajaanza kuyumba? Gigahezi 10 zinanitosha, yaani chipu ya leza ya milimita 4 hivi. Kidhibiti joto naunda mwenyewe, vipuri nimeshavipata Luthuli. Kuyumba kwenyewe nitakusoma kwenye spektra ya masafa, chombo cha kuazima nimeahidiwa. Chipu ndiyo sina.

Je, hapo maabara kwenu hakuna ya zamani, yenye sehemu mbili, iliyowekwa kabatini? Hata kama nguvu zake zimepungua? Profesa wako ni mtu wa kuandikiwa moja kwa moja, au umwambie wewe kwanza? Na ile data yenye sifuri nyingi, mnaweza kunipimia huko siku moja chombo kikiwa hakina mtu? Unakuja Desemba kweli, au nimtafute mtu mwingine wa kuibeba? Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, ndiyo siku ninayokutana na msimamizi wangu.

Wako,
Wanjiru