Risala ya Kikundi cha Akina Mama Waliopata Kisukari cha Mimba kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wahudumu wa afya, ndugu waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa, wanakikundi sote tulipata kisukari cha mimba. Wengi tuligunduliwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Tukawa tunajichoma vidole kila siku, tukapangiwa chakula, wengine tukaanzishiwa sindano za insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Tulipojifungua sukari ikashuka, tukaambiwa, "Hongera mama, imeisha." Tangu hapo macho yote yakahamia kwa mtoto. Hakuna aliyetuuliza tena habari za sukari, na kusema kweli hata sisi hatukutaka kuulizwa.

Kumbe haikuisha. Homoni za kondo la nyuma hudhoofisha kazi ya insulini. Kondo likitoka, mzigo huo unaondoka, lakini kongosho linalotengeneza insulini, lililoshindwa kuubeba, ni lilelile. Aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa karibu mara 10 zaidi wa kupata kisukari cha aina ya 2, kile cha kudumu, kuliko mama ambaye hakupata cha mimba, na moyo wake pia uko hatarini zaidi. Kinaweza kuja baada ya miaka michache au mingi, tena kimyakimya.

Kipimo chake kipo. Kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, mama hupimwa kabla ya kula, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa 2. (Maji yale yanachefua kwa utamu, Mheshimiwa, lakini yanavumilika.) Hata majibu yakiwa mazuri, arudie kupima kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yake yote.

Kikundini tunakumbushana tarehe za kupima, tunatembea pamoja kwa mwendo wa haraka hadi tutimize dakika 150 kwa wiki, na wenye watoto wachanga tunawahimiza wanyonyeshe, maana hilo nalo hupunguza hatari.

Ombi letu ni moja. Mama husahau kipimo chake, lakini chanjo ya mtoto ya wiki ya 6 haisahau. Tunaomba apimwe siku hiyohiyo. Aambiwe mapema aje bila kula, na kwa kuwa kunyonyesha na njaa si mchezo, asipangwe mwisho wa foleni.

Tunaomba kuwasilisha.