Tairi pana lisinunuliwe kwa macho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye gari ndogo za saluni, na zaidi na wanaouza na kufunga matairi, Unguja na Pemba. Umeenea mtindo wa kuvua matairi yaliyokwisha na kutia mapana zaidi juu ya rimu zile zile zilizokuja na gari. Wengine wanapenda gari ionekane imekaa chini na imejaa kwenye fenda. Wengine hawakuwa na haja hiyo: wamekwenda dukani, saizi yao haipo, wakaambiwa hili kubwa kidogo linaingia tu. Ni kweli, linaingia. Linashika upepo na gari inatoka gereji bila ya kelele yoyote. Balaa linaanza siku gari ina watu wanne ndani, buti imejaa mizigo ya Mkoani, na mbele kuna tuta.

Hatusemi kwamba tairi pana ni baya. Likichaguliwa kwa hesabu, gari inashika barabara kavu vizuri zaidi, khasa kwenye kona. Tunacholalamikia ni kuchagua kwa macho.

Chukua tairi lililoandikwa ubavuni 195/65R15 91H, saizi inayokutwa kwenye Toyota Premio na Allion kadhaa. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, lakini si milimita 65. Ni asilimia 65 ya ule upana, yaani karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na bavu mbili, ya juu na ya chini, utapata tairi zima lina kipenyo cha milimita 634.5.

Sasa mtu anataka pana, anapewa 205/65R15. Anadhani ameongeza milimita 10 za upana basi. Kumbe ubavu nao umepanda, kwa sababu ni asilimia ya upana, na kipenyo kimefika 647.5. Tairi limenenepa na limerefuka. Spidomita ikionesha 80, gari inakwenda karibu na 82 ikilinganishwa na tairi la zamani, na injini inavuta mzigo mzito zaidi kupanda mlima. Gari hiyo hiyo ukiitia 205/60R15, kipenyo ni 627, pungufu ya asilimia 1.2 tu. Huo ndio uchaguzi wa fundi: nambari ya kwanza ikipanda, ya pili ishuke. Kwa mwenye 185/70R14, kipenyo chake ni 614.6, akitia 195/70R14 anafika 628.6, akitia 195/65R14 anakuwa na 609.1, ambayo iko karibu zaidi na ya asili. Tofauti ya kipenyo isizidi asilimia 3 kwa upande wowote, na kwa gari inayobeba mzigo sisi tunasimama kwenye 2.

Hesabu hiyo wengi wanaijua. Inayosahauliwa ni upana wa rimu. Nyuma ya rimu, au ndani yake, pamegongwa maandishi kama 15x6J au 15x6JJ. Hiyo 6 ni upana kwa inchi, milimita 152. Kama maandishi yameliwa na kutu, pima mwenyewe, lakini pima pale ambapo mdomo wa tairi, yaani ukingo wake wa ndani unaobana rimu, unakaa, ndani ya kingo mbili. Ukipima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje utazidisha takriban inchi nzima, na rimu ya inchi 5 utaihesabu kuwa ya 6. Kosa hili linafanywa kila siku kwa kuweka futi juu ya rimu iliyolazwa chini.

Rimu ya 6J ni kipimo hasa cha 195/65 na vilevile cha 205/60, kwa hiyo hapo hapana shida. 215/60R15 inataka rimu kuanzia 6 hadi 8, na kipimo chake ni 6.5. Kwenye 6J imo, lakini imo ukingoni. Kwenye rimu ya 5.5J isitiwe kabisa. Anayebakia na rimu za kiwandani, basi hatua moja ya upana, milimita 10, mara nyingi ndiyo mwisho wake. Akitaka zaidi abadilishe na rimu.

Kwa nini tunakazania hivyo? Tairi pana likibanwa na rimu nyembamba, midomo yake inavutwa ndani, bavu zinatoa tumbo, na uso unaopaswa kulala sawa barabarani unafanya mgongo. Katikati panakanyaga, pembeni panaelea. Matokeo yanaonekana kabla ya nusu ya umri wake: meno ya katikati yamekwisha, ya pembeni bado mapya. Yaani mtu amelipia upana ambao hautumii. La pili ni usukani. Unakata kona, rimu inageuka kwanza, tairi linafuata baadaye kwa kuwa ubavu unalala. Dereva anahisi nyuma inapepesuka, anakwenda kubadilisha shokomzoba zisizo na kosa. La tatu ndilo la hatari: ubavu unaopinda kupita kiasi unapata moto, na upepo ukipungua mdomo unaweza kung'oka kwenye kikalio chake gari ikiwa konani.

Tukija kwenye nafasi. Upana ukiongezeka milimita 20, kumi zinakwenda ndani na kumi nje. Zile za nje kila mtu anaziona na anazipenda. Za ndani hazionekani, na huko ndiko kwenye shokomzoba na sahani ya springi. Kabla ya kununua, gari ikiwa chini, ingiza mkono nyuma ya tairi la mbele upande wa juu uone imebaki nafasi gani. Baada ya tairi jipya pawe na milimita 10 angalau kati ya mpira na chuma. Ikibaki 5, jiwe dogo au donge la tope linatosha kuchana ubavu mahali ambapo hutopaona mpaka lipasuke.

Kisha jaribu kwa chaki. Funga matairi mawili ya mbele, paka chaki nene kwenye plastiki ya ndani ya fenda, kwenye ukingo wa fenda, kwenye madigadi, na kwenye sahani ya springi. Kata usukani mpaka mwisho kulia, rudi nyuma mita chache, halafu kushoto. Pakia watu wanne na mzigo kwenye buti, upite juu ya tuta polepole kisha kwa mwendo wa kawaida. Simama, washa tochi, angalia wapi chaki imefutika. Kwenye madigadi au plastiki inaweza kurekebishwa kwa kukaza klipu au kupunguza kidogo. Imefutika kwenye chuma cha fenda au kwenye springi, tairi hilo si la gari hiyo. Nyuma pia ipimwe, maana saluni ikijaa nyuma inakaa sana, na ukingo wa fenda unakata tairi kama kisu.

Wapo wanaokimbilia spesa, ile sahani ya chuma inayotiwa nyuma ya rimu, ili kulisogeza tairi nje lisiguse shokomzoba. Spesa inakula urefu wa stadi, yaani bolti zinazoshika gurudumu. Stadi za Toyota nyingi ndogo ni za milimita 12 na hatua ya 1.5, kwa hiyo nati izunguke angalau mara 8 kamili kabla ya kukaza. Ikishika mizunguko minne, gurudumu hilo linatembea kwa bahati. Spesa vilevile inaongeza mzigo kwenye beringi.

Nambari ya uzito, kama ile 91 iliyofuata saizi kabla ya herufi H, isishuke, hata kama tairi ni pana. 88 ni kilo 560, 91 ni 615, 94 ni 670, kwa kila tairi. Gari iliyotoka kiwandani na 91 haifai kutiwa 88 kwa sababu tu ilikuwa rahisi, na kwetu ambako saluni nyingi zinafanya kazi ya teksi hili halina mjadala.

Mvua nayo ina hesabu yake. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma mbele yake, na uzito wa gari umetandazwa kwenye upana mkubwa zaidi. Kwa hiyo linapanda juu ya maji kwa kasi ndogo kuliko jembamba lenye meno ya kina sawa. Masika, barabara ikishika maji, tairi pana lililochakaa linamwacha dereva na usukani mwepesi usioshika kitu. Alama ndogo zilizomo ndani ya mifereji zinaonesha kina cha milimita 1.6, huo ni mwisho wa tairi lolote. Kwa pana usisubiri hapo, badilisha kwenye milimita 3.

Upepo ufuate kibandiko cha mlango wa dereva. Kwa gari za Kijapani kimeandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na paundi 32, 230 ni karibu 33. Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Ile nambari kubwa iliyogongwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa tairi kuvumilia, haielezi gari yako inataka nini. Kutia paundi 40 kwa kila gari ni tabia ya vibanda vingi, na kwa tairi pana lililobanwa na rimu ndiyo inayomaliza katikati upesi.

Matairi ya mtumba tunayatumia sote, na hatuwezi kuwaambia watu wasinunue. Lakini angalieni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na miaka kumi ni mpira mkavu. Likunje kwa dole gumba kati ya meno uone nyufa. Na lile lililoandikwa STUDLESS, au lenye alama ya mlima na theluji, limetengenezwa kwa baridi ya Japani na Ulaya. Mpira wake ni laini. Kwenye lami ya joto la hapa linakwisha haraka na linalegea kwenye breki, hata likiwa na saizi uliyoitaka.

Kwenye kufunga tutasema machache. Chumvi ya bahari inakula rimu za chuma pale pale mdomo unapokaa, kwa hiyo sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka pawe laini, la sivyo upepo utavuja kila siku kidogo kidogo na utalaumiwa mpira. Valvu iwe mpya. Paka maji ya sabuni, usipake grisi wala dizeli, kwani mafuta yanaozesha mpira na yanafanya tairi lizunguke juu ya rimu. Mdomo ukigoma kukaa, usipite paundi 40 kuulazimisha. Toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Fanya wili balansi, kaza nati kwa mtindo wa nyota, kwa Toyota hizi ni nyutoni mita 103, na zirejewe baada ya kilomita 50 hadi 100. Nati bapa zenye washa za rimu za alumini za kiwandani haziendi kwenye rimu ya chuma, inayotaka nati yenye mteremko.

Matairi mawili ya ekseli moja yawe saizi moja. Gari inayovuta magurudumu yote manne itiwe manne yanayofanana, kwani tofauti ya kipenyo inachosha gia. Tairi la akiba likibaki la saizi ya zamani, litumike kukufikisha kwa fundi tu.

Wenye maduka tunawaomba jambo moja: msitoe tairi pana kabla hamjauliza upana wa rimu. Muulizeni mteja kama mnavyomuuliza inchi 14 au 15. Wanaokagua magari nao, wakiona tumbo la tairi limetoka nje ya rimu au chuma cha ndani ya fenda kimeng'arishwa na mpira, wasiipitishe gari hiyo kwa kuwa tu ina meno mapya. Na fundi anayebadilisha saizi aandike kwa wino usiofutika, kwenye karatasi ya gundi, saizi mpya na upepo wake, aibandike kwenye fremu ya mlango chini ya kibandiko cha kiwanda. Fundi wa pili, huenda Wete au Makunduchi, atajua anachokishughulikia.

Mafundi wa matairi,
Chake Chake, Pemba.