Wazazi, Marekani hakuna meja ya udaktari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi wenye watoto vyuoni Marekani, pamoja na wale ambao sasa hivi wanahangaikia viza na ada ili mtoto aondoke Agosti. Swali la meja, yaani fani kuu ya shahada ya kwanza, linawanyima usingizi kuliko linavyostahili, na yale yanayoamua kweli nani ataingia chuo cha udaktari yanapita bila kuulizwa.

Chanzo cha mkanganyiko ni mfumo. Tanzania, kijana aliyefaulu vizuri PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha sita anaingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kenya ni miaka sita. Huku Marekani mtu huanza kwanza na shahada nyingine ya miaka minne, ndipo aombe chuo cha udaktari cha miaka minne mingine, kisha afanye mafunzo ya ubingwa hospitalini yasiyopungua miaka mitatu. Mzazi anayesikia mwanawe yuko "primedi" akautangazia ukoo mzima kwamba mtoto anasomea udaktari, anajitangulia. Katika vyuo vingi primedi si meja wala haina cheti. Ni mpangilio wa masomo ambao mwanafunzi anauingiza mwenyewe ndani ya meja yoyote aliyochagua, iwe baiolojia, hesabu, historia au muziki. Zipo programu chache zinazofunga shahada zote mbili pamoja tangu mwanzo, kama ile ya miaka minane ya Brown na ile ya miaka sita ya University of Missouri–Kansas City, ila nafasi zake ni finyu mno kwa mtu kuziwekea matumaini yote.

Basi vyuo vya udaktari vinadai nini? Kila kimoja kina orodha yake, na AAMC, chama cha vyuo hivyo, huziweka zote katika hifadhi iitwayo MSAR. Ukizisoma utaona zinafanana: baiolojia ya mwaka mzima na maabara, kemia ya jumla ya mwaka mzima na maabara, kemia ogani vivyo hivyo (vyuo vingine siku hizi vinakubali muhula mmoja ukifuatwa na biokemia), fizikia ya mwaka mzima na maabara, biokemia muhula mmoja, takwimu, na uandishi wa Kiingereza mihula miwili. Saikolojia na sosholojia si vyuo vyote vinavyozidai, ila MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, unazitahini tangu 2015, kwa hiyo hazikwepeki. Somo la sayansi lenye maabara huwa na krediti, yaani vipimo vya uzito wa somo, 4 hivi. Jumlisha yote utapata karibu krediti 50 kati ya 120 za shahada nzima. Zinabaki 70, nazo zinatosha meja nyingi. Mwanafunzi wa historia anaenea bila kubanwa. Wa baiolojia anapata nafuu kwa kuwa masomo mengi ya sharti tayari yamo ndani ya meja yake. Wa uhandisi ndiye anayebanwa, maana shahada yake mara nyingi inavuka krediti 120 kabla hajagusa kemia ogani.

Kinachowakwamisha wengi ni mfuatano. Kemia ya jumla ya kwanza lazima itangulie ya pili, ya pili itangulie ogani ya kwanza, kisha ogani ya pili, kisha biokemia. Hiyo ni mihula mitano isiyoweza kurukwa. Aliyeanza kemia muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza anamaliza biokemia mwaka wa tatu katikati, anafanya MCAT kabla ya kiangazi, anatuma maombi Juni, na anaingia chuo cha udaktari mwaka unaofuata, miezi michache baada ya kuhitimu. Aliyechelewa mwaka mmoja anafika biokemia mwaka wa nne, kwa hiyo anahitimu akiwa bado hajaomba, na anakaa mwaka mzima akisubiri. Kusubiri si aibu, na wengi huupanga mwaka huo kwa makusudi wafanye kazi hospitalini au maabara. Lakini kwa mwenye viza ya mwanafunzi mwaka huo ni jambo zito, nitalirudia hapa chini. Wala chanzo cha kuchelewa si uvivu kila mara. Vyuo vingi hupima hesabu za mwanafunzi mgeni kabla ya muhula kuanza, na aliyeangukia aljebra ya awali huenda asiruhusiwe kusajili kemia mpaka aimalize. Mtoto aliyemaliza kidato cha sita Mei na kuondoka Agosti ana miezi mitatu ya kupiga msasa aljebra, logi na trigonometria. Aitumie.

Sasa GPA, yaani wastani wa alama ambapo A ni 4, C ni 2 na F ni 0. Hiyo ndiyo nguzo. Maombi ya vyuo vingi vya MD, shahada ya kawaida ya udaktari, hupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi (vya DO, udaktari wa osteopathia, hupitia AACOMAS, na Texas ina mfumo wake, TMDSAS). AMCAS hukokotoa wastani wake yenyewe kutoka kwenye transkripti za kila chuo ambacho mwombaji amepata kusoma Marekani, hata kama ni somo moja la kiangazi. Hutoa wastani wa masomo yote na wastani wa pili wa baiolojia, kemia, fizikia na hesabu peke yake. Somo lililorudiwa linahesabiwa mara zote mbili, hata kama chuo chenyewe kimefuta ile alama ya kwanza. Aliyepata F kisha akarudia akapata A, mbele ya AMCAS ana wastani wa 2.0 katika somo hilo.

Chukua mwanafunzi mwenye krediti 60 na GPA ya 3.8. Akipata C katika mihula yote miwili ya kemia ogani, krediti 8 tu, anashuka hadi 3.59. Ili ahitimu na 3.7 atahitaji wastani wa 3.85 katika krediti zote 52 zilizosalia. Na viwango ni vya juu: walioanza masomo ya MD mwaka 2023 walikuwa na GPA ya wastani ya karibu 3.8 na MCAT ya karibu 512 kati ya 528. Waombaji walizidi 52,000, walioingia hawakufika 23,000.

Ndiyo maana nasema meja nzuri ni ile ambayo mtoto atapata A nyingi bila kulazimishwa, kwa sababu anaipenda na ana kipaji nayo. Zaidi ya nusu ya waombaji hutoka kwenye sayansi za baiolojia, lakini kwa takwimu za AAMC mwaka hadi mwaka, waliosoma fasihi, falsafa, historia, hesabu au fizikia hawakubaliwi kwa kiwango cha chini, na mara nyingi wanawazidi kidogo. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, kilifungua mlango wa wanafunzi wa sanaa na jamii mwaka 1987, na ulipofanyika ulinganisho, wanafunzi hao hawakuachwa nyuma na wenzao. Hata hivyo asikimbilie mtu falsafa kwa kudhani ndiyo njia ya panya. Wanaotoka huko ni wachache na wamejichuja wenyewe, na bado kila mmoja amepita kwenye kemia ogani ile ile.

Faida moja ya masomo ya kusoma na kuandika ninaiona dhahiri, nayo iko kwenye MCAT. Mtihani huo una sehemu nne, kila moja alama 118 hadi 132. Sehemu moja haina sayansi hata chembe: ni vifungu vya kusoma na kuchambua, maswali 53 kwa dakika 90. Vijana wetu waliotoka PCB, wanaokokotoa fizikia bila kupepesa jicho, hapo ndipo wanapoacha alama. Sehemu hiyo haikaririki kwa miezi mitatu. Inajengwa na miaka ya kusoma maandishi magumu, kwa hiyo mwanafunzi wa baiolojia naye ajipangie angalau somo moja zito la kusoma kila mwaka.

Kuna meja ambazo majina yake yanadanganya. "Sayansi ya afya" na "afya ya jamii" zinasikika kama ngazi ya udaktari, lakini katika vyuo vingi mtu anaweza kuhitimu bila fizikia wala kemia ogani. Uuguzi ndio unaozua mabishano katika familia zetu, kwa kuwa karibu kila ukoo wa Afrika Mashariki huku una shangazi au kaka aliyejenga maisha kwa uuguzi, naye humshauri mtoto aanzie hapo kisha apande. Uuguzi ni taaluma kamili yenye ajira ya uhakika, na anayeutaka ausome kwa moyo wote. Kama njia ya kwenda udaktari, ni ndefu. Kemia ya wauguzi mara nyingi ni somo la muhula mmoja lililokusanya kemia ya jumla, ogani na biokemia kijuujuu, na vyuo vya udaktari kwa kawaida havilipokei. Anatomia na fiziolojia haziwi mbadala wa baiolojia ya mwaka mzima katika vyuo vingi. Zamu za wodini nazo hugongana na saa za maabara. Muuguzi anayetaka udaktari ajiandae kusoma sayansi hizo upya, ikiwezekana katika chuo cha miaka minne.

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, ana hesabu tofauti kabisa. Vyuo vya udaktari vinavyopokea raia wa kigeni ni vichache, vile vya serikali za majimbo huwapa kipaumbele wakazi wa jimbo, na vingine humtaka mgeni aoneshe au aweke benki fedha za mwaka mmoja hadi minne kabla ya kuanza. Mikopo ya serikali kuu haimhusu. Kwa huyu, meja lazima iweze kumlisha yenyewe udaktari usipopatikana, na hapa ndipo uchaguzi wa meja unapokuwa na uzito wa kweli. Baada ya kuhitimu ana ruhusa ya kufanya kazi miezi 12, na meja yake ikiwa kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu anaweza kuongezewa 24. Kinachoangaliwa ni namba ya CIP, yaani ya uainishaji wa meja, iliyoandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni. Uchumi wa kawaida haumo kwenye orodha hiyo, lakini uchumi uliosajiliwa kama ekonometria umo, na vyuo viwili jirani vinaweza kuusajili tofauti. Aulize namba hiyo kabla ya kutangaza meja, maana ule mwaka wa kusubiri nilioutaja utategemea ruhusa hiyo hiyo.

Na nitasema wazi: familia ambayo lengo lake pekee ni daktari, yenye mtoto mwenye PCB nzuri na bila ukaazi wa Marekani, itapata zaidi Muhimbili, Makerere au Nairobi. Akishahitimu, mlango wa mafunzo ya ubingwa Marekani upo kupitia ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosomea nje, na USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari. Ila asianze chuo nyumbani kwa matarajio ya kuhamishia alama hizo kwenye maombi ya Marekani. AMCAS haiziingizi kwenye GPA, na vyuo vingi vya udaktari vinataka shahada ya Marekani au Kanada, au krediti kama 90 zilizosomwa huko.

Wenye ukaazi wa kudumu au uraia wana mikopo, lakini sheria imebadilika. Kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa anayesomea udaktari hauzidi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Gharama za mwaka za vyuo vingi binafsi, ada na kuishi, zinapita dola 80,000. Kwa hiyo deni la shahada ya kwanza sasa linauma maradufu, na chuo cha jimbo chenye ada nafuu na meja ya kawaida kina thamani kuliko jina kubwa la gharama. Kuanzia chuo cha jamii cha miaka miwili nako ni sawa, mradi kemia ogani, biokemia na masomo ya juu ya baiolojia ayafanye baada ya kuhamia chuo cha miaka minne, kamati za udahili zione anaweza mzigo huo.

La mwisho ni kwa mtoto mwenyewe, wiki ya usajili. Asijaze kemia, baiolojia, fizikia na kalkulasi katika muhula wa kwanza ili kumfurahisha baba. Sayansi mbili zenye maabara zinatosha. Aandike kwenye kalenda tarehe mbili zilizomo kwenye ratiba ya chuo: ya kuacha somo bila alama yoyote kubaki, na ya kuliacha kwa W, alama inayoonesha tu kwamba somo liliachwa. Mtihani wa kwanza wa kemia ukirudi na asilimia 50, aende kwa mwalimu saa za ofisi wiki hiyo hiyo, ahesabu kama B bado inafikika, na kama haifikiki achukue W kabla tarehe haijapita. W moja kamati huipita tu. Mwenye F-1 aone kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, maana akishuka chini ya krediti 12 kwa muhula bila idhini yao anahatarisha viza.

Mshauri wa masomo,
Minneapolis, Marekani