Harambee ya Sura na Sauti za Wazee wa Kiyaaku

Ndugu, jamaa na marafiki wa Mukogodo,

Kiyaaku, lugha ya Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, kilianza kukauka vinywani miaka ya 1920 na 1930, wazazi wa binti walipoacha kupokea mizinga ya nyuki kuwa mahari wakadai mifugo, na familia zikahamia Kimaa, lugha ya Wamaasai. Kilichobaki kimo kwa wazee wachache sana kandokando ya msitu. Tunataka kuwapiga picha na kuwarekodi kabla ya mvua za Machi, kwa sababu mvua ikishapiga bati hakuna kurekodi.

Kamera tunayo, tafadhali msituletee nyingine. (Wafadhili hupenda picha, sauti ndiyo huachwa njiani.) Mzee huketi kivulini asubuhi, uso ukielekea uwazi, nyuma yake ukuta wa udongo au kichaka. Ukimweka mbele ya anga nyeupe, kamera hupunguza mwanga yenyewe na uso mweusi hutoka giza tupu. Mkononi hushika kile anachokitaja, kama kifuniko cha mzinga, ili neno na picha viende pamoja. Tunachukua pia video ya mdomo kwa karibu: aliyepoteza meno ya mbele hutamka "s" kivyake, ndiyo maana kila neno tunalitafutia wasemaji wawili.

Kwa sauti, simu haitoshi. Ikichuja kelele humeza na miisho laini ya maneno. Tunahitaji kinasa sauti cha WAV (faili ya sauti isiyobanwa), biti 24 (KSh 45,000). Maikrofoni mbili za kubana kifuani na manyoya yake ya kuzuia upepo (14,000). Diski tatu za nje, moja ikae mbali na mji wa Doldol (36,000). Paneli ya sola na betri (38,000). Kuchapisha picha ni 17,000: mzee apate yake kwanza, kisha aseme nani mwingine aione.

Kazi nzito iko mezani. Saa moja ya mazungumzo hula saa 40 au zaidi za kuandika na kutafsiri, mzee akiwa kando anasahihisha. Posho ya wazee na vijana waandishi ni 120,000. Jumla KSh 270,000.

Michango itumwe kwa mweka hazina kwa M-Pesa, risiti mtapata. Mwenye kutoa kifaa atuulize kwanza: plagi ya maikrofoni ya simu ina mikanda mitatu inayoizunguka, ya kinasa miwili, na zikichanganywa sauti hutoka hafifu au haitoki kabisa.