Oktoba ni ya makaratasi, hela ni Jumanne

Seattle
Jumapili, 13 Aprili 2025

Dada Rehema, shikamoo.

Juzi simu ilikatika ukiwa umekasirika, na sikuwahi kukujibu. Uliniuliza: kama watu wa kodi huko Marekani wamekuongezea muda hadi Oktoba, kwa nini hizo hela usizitume sasa mama aezekewe kabla mvua hazijachanganya, halafu wao ukawalipa Oktoba? Hata mimi ningeuliza hivyo hivyo. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili kwenye simu huwa naanza katikati na kuishia katikati.

Muda ninaoomba ni wa kuwasilisha ritani tu, yaani makaratasi ya kueleza mapato yangu ya mwaka na kodi yake. Wa kulipa hauongezwi hata siku moja. Siku ya kulipa kodi ya mwaka 2024 ni keshokutwa, Jumanne tarehe 15, na inabaki hiyo hiyo hata nikipewa miezi sita ya kupeleka makaratasi. Nikinyamaza kabisa, bila ritani wala maombi ya muda, adhabu ni asilimia 5 ya deni kila mwezi, hadi ifike 25. Nikiwa nimeomba muda lakini sijalipa, ni nusu asilimia kwa mwezi, na riba juu yake. Kwa hiyo kuomba muda kunasaidia, na kunasaidia sana. Ila hela ya kodi haiwi yangu ya kutumia hadi Oktoba.

Ninaomba muda kwa sababu kampuni moja ninayoiendeshea gari imenitumia hati ya mapato yenye kiasi kisicho sahihi. Nimewaandikia wairekebishe, bado haijaja. Siwezi kutia sahihi ritani nikijua ina kosa. Sitaki kurudia ya 2023.

Hayo ya 2023 sijawahi kukueleza yote, Dada, na leo nataka uyajue. Nilipokuwa nimeajiriwa ghalani kodi ilikatwa kwenye mshahara kabla sijaiona. Nilipoacha na kuanza kubeba abiria, hakuna aliyenikata chochote, nami nikaona kila kilichoingia ni changu. Sikujua kwamba anayejiajiri hapa hulipa asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee peke yake, wakati mwajiriwa hubebewa nusu na mwajiri. Hiyo ni mbali na kodi ya mapato yenyewe. Tena sikuandika maili nilizoendesha, na mwaka ule kila maili ya kazi ilikuwa inapunguza senti 65.5 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Maelfu ya maili yalipotea hivi hivi. Aprili 2024 nikajikuta nadaiwa dola 7,800. Na 2023 ndio mwaka niliowatumia hela nyingi kuliko miaka yote. Sehemu ya hela zile haikuwa yangu.

Nashukuru jambo moja: niliwasilisha ritani kwa wakati ingawa mfukoni sikuwa na kitu. Kisha IRS, mamlaka ya kodi ya hapa, kama TRA yetu, wakakubali nilipe kwa awamu, dola 150 kila mwezi. Kwa kuwa ritani iliwahi na mkataba upo, adhabu ya kuchelewa kulipa ilishuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25 kwa mwezi. Riba mkataba haukuipunguza, Aprili hii ya 2025 ni asilimia 7 kwa mwaka na inahesabiwa kila siku. Nimelipa miezi kumi, yaani dola 1,500, na bado nadaiwa 7,100 na ushee. Katika kila 150 ninayotoa, karibu 60 inaliwa na riba na adhabu kabla deni halijaguswa. Hilo linaniuma, nakwambia kweli.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana ndiyo jibu lako. Mkataba ule una masharti: niwasilishe kila ritani kwa wakati, na nisizalishe deni jipya. Nikiacha kulipa kodi ya 2024 Jumanne, deni jipya linazaliwa, na wanaweza kuuvunja mkataba wakadai zile 7,100 zote kwa mkupuo. Wakifika hapo wana mamlaka ya kuchukua hata kilichomo benki.

Hesabu ya Jumanne ni hii. Nimekadiria kodi yangu ya 2024 kuwa dola 5,900. Nilishatanguliza 3,600, imebaki 2,300. Nikiilipa kwenye tovuti yao na kuonyesha kuwa ni malipo ya kuombea muda, yanahesabika kuwa ndiyo maombi yenyewe, hata ile fomu 4868 ya kuombea muda siijazi. Siku hiyo hiyo kuna awamu ya kwanza ya makadirio ya 2025, yaani kodi ya mwaka huu inayolipwa kidogo kidogo kabla mwaka haujaisha. Wewe hili unalijua kuliko mimi, ni kama makadirio ya duka lako unayolipa TRA mara nne kwa mwaka. Yangu ni dola 1,475. Ongeza na ile 150 ya mkataba. Jumla ni 3,925, na ndiyo karibu yote niliyodunduliza tangu Januari.

Na kuna mama. Mwakani nataka kuomba uraia, na fomu yake inauliza wazi kama unadaiwa kodi. Mwenye mkataba anaoulipa ana karatasi ya kuonyesha. Mimi na kadi yangu ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, siwezi kumwombea mzazi aje kuishi hapa, raia anaweza. Kwa hiyo kila nikilipa ile 150, namfikiria yeye. Usimwambie bado, asije akaanza kuhesabu siku.

Sasa hivi kila maili naandika kwenye daftari kabla sijazima gari, na kila Jumapili natoa robo ya mapato ya wiki naiweka kwenye akaunti nyingine. Leo nimeiweka kabla ya kukaa kukuandikia.

Tarehe 25 nitakutumia dola 200. Najua hazitoshi nyumba nzima. Naomba fundi aanze na chumba cha mama, apime mabati mangapi yanahitajika upande ule unaovuja, na uniambie bei kabla hujanunua. Sebule tuitandikie turubai hadi Juni nikishamaliza awamu ya pili.

Mpe mama shikamoo yangu, na watoto wote uwasalimie.

Mdogo wako,
Juma