Kinachouharibu udalali Arusha ni cha juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ninayoifanya hapa Arusha, udalali wa fremu za maduka, ofisi, maghala na viwanja vya biashara. Wafanyabiashara wengi ninaokutana nao, kuanzia Kilombero hadi Kijenge, wanasema madalali tufutwe. Nikiwauliza kwa nini, wanarudi kwenye neno lile lile: cha juu.

Kwa asiyekijua, cha juu kinakwenda hivi. Mwenye kiwanja anataka milioni 80. Dalali anamwambia mnunuzi milioni 95. Wakikubaliana, milioni 15 ni za dalali, na siku ya malipo anahangaika kutwa nzima muuzaji na mnunuzi wasikae meza moja. Dalali huyo hana mteja. Muuzaji anaamini ni mtu wake, mnunuzi naye anaamini hivyo hivyo, kumbe anawaficha wote wawili. Na hasara haiishii kwenye hizo milioni 15. Kazi zote za maana ambazo dalali angemfanyia mtu zinahitaji watu wakutane, karatasi zifunguliwe na bei itajwe wote wakisikia. Mla cha juu hawezi kuzifanya hata akitaka.

Nieleze kazi hizo, maana wengi wanadhani dalali ni mtu wa kushika funguo na kufungua mlango.

Kuna mama mmoja wa saluni aliyekuwa Ngarenaro akataka kuhamia jirani na Barabara ya Sokoine. Fremu aliiona mwenyewe. Ina kioo mbele, watu wanapita, pango laki 5 kwa mwezi na pango la mwaka mzima linatangulia, yaani milioni 6. Alinijia nimsaidie kuomba bei ipungue tu. Nikamuuliza, mama, LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya nani? Ilikuwa moja kwa fremu tatu, na jirani yake ana majokofu ya vinywaji yanayonguruma usiku na mchana. Maji ya kuoshea nywele yatamwagika wapi? Hakujua, na nyuma ya jengo hapakuwa na shimo wala mfereji. Mashine zake zinakula umeme kiasi gani, na nyaya za pale zitauhimili?

Tukafika kwenye kodi ya serikali, na hapa naomba wafanyabiashara wadogo wanisikilize vizuri. Ukipeleka mkataba wa pango Mamlaka ya Mapato (TRA) utadaiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa milioni 6 ni shilingi 60,000. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayelipa pango anatakiwa akate asilimia 10 na kuipeleka TRA, hapa ikiwa ni 600,000. Ni kodi ya mwenye jengo, kwenye mapato yake. Lakini katika mji huu wenye majengo wengi wanachukua milioni 6 zao kamili, halafu wanakwambia mambo ya TRA ni juu yako. Mpangaji anatafuta laki 6 nyingine kabla hajauza hata chupa ya mafuta ya nywele. Mara nyingi anagundua akiwa tayari amesimama kwenye foleni ya TIN, namba ya mlipakodi, na hela zote za pango zimeshatoka.

Tulikaa na mwenye jengo, mama akiwapo, mchana kweupe. Tulichotoka nacho ni mkataba wa miaka 2 wenye pango la mwaka wa pili limeandikwa kabisa. Mwenye jengo anapokea milioni 5 na laki 4 pamoja na cheti cha kodi iliyozuiwa. LUKU ya peke yake. Shimo la maji linachimbwa kwa gharama ya jengo. Wiki tatu za kupiga rangi na kufunga masinki hazihesabiwi kwenye pango. Na kioo, masinki na rafu alizoweka mama anaondoka navyo siku akihama. Bei ya mwezi haikushuka hata senti moja, na bado mama yule alipata fremu nafuu kuliko ile aliyokuwa tayari kuilipia siku ya kwanza.

Pango la miaka 2 au 3 lililoandikwa vizuri lina faida pande zote. Hapa tumezoea mkataba wa mwaka mmoja unaonunuliwa stationari, kurasa mbili, nafasi za kujaza majina. Mtu anaweka vigae, anaweka dari, wateja wanamzoea, mwaka ukiisha anaambiwa fremu imepanda mara mbili. Atakwenda wapi na vigae vyake?

Kilemba nacho kina watu kimewaliza. Mpangaji anayeondoka anadai milioni kadhaa kwa anayeingia, eti anauza fremu. Anayeingia analipa, kisha mwenye jengo anasema hamjui. Mimi kilemba sikigusi mpaka mwenye jengo amesaini kwamba anamtambua mpangaji mpya na ametaja muda aliompa.

Kwenye maghala hesabu ni nyingine kabisa. Mfanyabiashara wa maharage anayepakia kwenda Namanga haulizi watu wangapi wanapita mbele. Anauliza semi itageuka? Sakafu imeinuka kiasi gani, maana mvua za masika zinajulikana? Kuna nafasi ya mzani? Nimewahi kumshauri mtu aache ghala la bei rahisi kule Unga Limited, kwa sababu kona ya kuingilia ingemlazimu kuhamishia mzigo kwenye magari madogo kila safari. Makuli peke yao wangekula ile nafuu yote.

Sasa kuuza na kununua, ambako machozi ni mengi zaidi. Tangu uanze ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti, kila mwenye kipande upande ule anataja bei ya uwanja wa mpira. Simlaumu, ardhi ni yake. Ila muuzaji anahitaji mtu wa kumwambia bei zilizolipwa kweli kwenye viwanja vya jirani, maana bei zilizoandikwa kwenye vibao hazimnunulii mtu chakula. Mali ikiwa kubwa, aitwe mthamini aliyesajiliwa.

Na mnunuzi ananihitaji kwa jambo moja kubwa, upekuzi, yaani kuangalia kwa Msajili wa Hati mali ni ya nani. Mkononi kuna nakala ya hati, nzuri, ina mhuri. Nakala haisemi kama hati halisi imelala benki kwa rehani, wala kama kuna mtu ameweka zuio kiwanja kisiuzwe. Daftari la Msajili wa Hati ndilo linasema. Kuna kiwanja cha biashara njia ya Njiro ambacho mteja wangu alikuwa amekipenda, muuzaji kijana mstaarabu sana. Upekuzi ukaonyesha jina la baba yake. Baba ameshafariki, mirathi haijafunguliwa, na ndugu wako wanne. Nikamwambia kijana aende na ndugu zake mahakamani, ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha tuongee. Alinikasirikia. Mteja wangu naye alinuna, kwani alishaona duka lake limesimama pale. Miezi ikapita, mirathi ikafunguliwa, msimamizi akawa dada mtu, na dada hakutaka kuuza. Fikiria mteja wangu angekuwa ameshalipa.

Ndoa nayo si ya kurukwa. Viwanja vingi vya barabarani hapa vina duka mbele na familia nyuma. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, wala mke bila mume. Mimi huomba kumwona mwenzi uso kwa uso. Sipokei salamu za simu.

Kazi hizo zote zina gharama, na hapa narudi kwenye malipo. Kwa mazoea ya Arusha, mpangaji ndiye anamlipa dalali pango la mwezi mmoja, mwenye jengo halipi kitu. Maana yake pango likipanda, mimi napata zaidi kutoka kwa yule yule ninayedai kumtetea. Halafu kuna hela ya kuonyeshwa, inalipwa upate fremu usipate. Vijana wetu nawaelewa, bodaboda ya kwenda Njiro na kurudi si bure. Lakini hela hiyo inamlipa dalali kwa kukuzungusha, ndiyo maana unaonyeshwa fremu saba na hata moja haifanani na uliyoitaja.

Serikali inatujua kwamba tupo. Mwaka 2025 ilipowazuia wasio raia kufanya biashara 15, udalali wa biashara na wa mali za ardhi na majengo ulikuwa kwenye orodha, tukaachiwa Watanzania. Nashukuru. Lakini kazi iliyoachiwa wazawa imeachwa bila daftari. Wathamini wana sheria yao ya 2016 na bodi. Mawakili wana orodha yao. Madalali wa mahakama wana leseni. Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba iliyotungwa mwaka 1984. Sisi, ukitapeliwa na dalali leo pale Mnara wa Saa, unabaki na namba ya simu isiyopatikana. Naiomba Wizara ya Ardhi itupatie usajili, wenye adhabu ya kufutwa kwa atakayekamatwa na cha juu. Kabla ya hapo, ofisi ya biashara ya Jiji inaweza kuanza na daftari tu la majina, picha na mahali dalali anapopatikana.

Mimi nimeshaanza na karatasi. Ina jina la aliyenituma, bei anayoitaka mwenye mali, asilimia yangu na nani anailipa, na kwamba nalipwa mkataba ukisainiwa. Nakala inakwenda kwa pande zote. Wapangaji na wanunuzi wanaipenda. Wanaoikataa ni baadhi ya wenye majengo, na wanasema sababu bila kuficha: hawataki pango halisi liandikwe popote, TRA isije ikaliona. Wanakwenda kwa dalali asiye na karatasi, na mimi nabaki na fremu chache za kuonyesha.

Naomba hao wanijibu kupitia ukurasa huu wa barua. Kama pango halisi haliwezi kuandikwa, mpangaji aliyelipa milioni 6 akiwa na mkataba wa milioni 2 atadai vipi haki yake Baraza la Ardhi na Nyumba siku mkigombana?

Dalali wa majengo ya biashara,
Kaloleni, Arusha