Kabla Hujanunua Gari la Kubebea Baiskeli Ndani, Hesabu Watu na Upime Mlango

Alifika kwenye karakana yetu ya baiskeli Njiro, Arusha, baba mmoja na Toyota Fielder yake nyeupe, chasisi NZE141, imetoka bandarini siku chache tu. Nyumbani ana baiskeli mbili za milimani zenye magurudumu ya inchi 29, yake na ya mkewe, na siku hiyo alikuja nazo pamoja na watoto wake wawili ili tumwonyeshe namna ya kuzipakia. Dalali alikuwa amemwambia gari lina buti kubwa, na hakumdanganya. Tulilaza viti vya nyuma, tukatoa magurudumu ya mbele, tukatandika blanketi, na baiskeli zote mbili zikalala ndani bila kulazimishwa. Ndipo mtoto mkubwa akauliza, "Sasa sisi tunakaa wapi?"

Swali hilo tunakutana nalo karibu kila mwezi, na mara nyingi gari limeshanunuliwa. Ndiyo maana tumeamua kuandika haya, kwa ajili ya wateja wetu wanaotafuta stesheni wagoni, yaani gari ambalo paa lake limenyooka hadi mlango wa nyuma na buti liko chumba kimoja na abiria.

Kwanza, kwa nini ndani? Kerieri ya nyuma ni rahisi na ipo kila mahali. Lakini sisi ndio tunaosafisha baiskeli zinazorudi kutoka njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron. Gari linapokwenda linavuta vumbi lake lenyewe nyuma, na baiskeli iliyoning'inia pale inalimeza lote. Vumbi la kule ni laini kama unga, linaingia kwenye mnyororo uliopakwa mafuta, kwenye beringi za usukani, hadi kwenye sili za shokamzoba ya mbele. Umeendesha saa mbili, lakini baiskeli imechakaa kama ya miezi mitatu. Ongeza matuta ya barabarani: kila tuta unalopita, kerieri inarushwa, na fremu zinasuguana pale zinapogusana. Mteja wetu mmoja alifika Lushoto akakuta tairi lake limeyeyuka upande mmoja, kwa sababu gurudumu lilining'inia karibu na bomba la ekzosi safari nzima. Na baiskeli zikiziba namba za gari au taa za nyuma, trafiki atakusimamisha, na atakuwa na haki yake.

Ndani hakuna vumbi la kiasi hicho, na ukishuka kununua maji Makuyuni unafunga milango tu.

Hesabu ya watu ndiyo inayoamua gari. Watu wawili na baiskeli mbili, karibu stesheni wagoni yoyote inatosha, hata ndogo. Watu watatu na baiskeli mbili, unahitaji kiti cha nyuma kinachogawanyika vipande viwili, kikubwa na kidogo. Unalaza kile kikubwa, baiskeli zinapita hapo, na mtu wa tatu anakaa kwenye kile kidogo. Hapa angalia kwa makini, maana yapo magari ambayo kiti chake cha nyuma ni benchi moja tu: ukilaza, umelaza chote. Picha za mtandaoni za magari ya Japani mara nyingi hazionyeshi jambo hili, kwa kuwa buti hupigwa picha viti vikiwa vimesimama. Muulize muuzaji akutumie picha ya viti vikiwa vimelala. Akisita, subiri.

Watu wanne na baiskeli mbili za watu wazima zikiwa nzima ndani ya stesheni wagoni ya kawaida, hapana. Tunasema wazi ili usitumie fedha zako kwa matumaini. Familia ya namna hiyo iangalie Noah au Voxy, hizi hizi zinazobeba abiria kati ya Arusha na vijiji vya jirani. Kwenye nyingi, viti vya safu ya tatu hukunjwa na kuinuliwa pembeni, kimoja kulia na kimoja kushoto, na sakafu katikati inabaki wazi. Mlango wake wa nyuma ni mrefu kwa kimo, hivyo baiskeli inaingia ikiwa imesimama.

Baada ya watu, tuje kwenye vipimo. Katalogi za magari hutaja ukubwa wa buti kwa lita, na namba hiyo haikusaidii sana. Wajerumani, ambao kipimo chao hutumika na watengenezaji wengi, hujaza buti kwa vitofali vya lita moja moja, kila kimoja sentimita 20 kwa 10 kwa 5, kisha wanavihesabu. Vitofali vinajipenyeza kila kona. Baiskeli haijipenyezi. Ni kitu kirefu, chembamba na chenye pembe, na inakwama mahali pamoja tu: aidha mlangoni, aidha kwenye urefu wa sakafu.

Baiskeli ya mlimani ya inchi 29 ya mtu mzima, kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma, ni kama mita 1.8 hadi 1.95. Ya barabarani, yenye usukani uliopinda, ni karibu mita 1.7. Ukitoa gurudumu la mbele unapunguza nusu ya gurudumu, yaani sentimita 35 hivi, na ya mlimani inashuka hadi kama mita 1.5. Usukani wa ya mlimani una upana wa sentimita 72 hadi 80, wakati wa ya barabarani ni 40 hadi 44 tu. Hiyo ndiyo sababu mtu mwenye baiskeli ya barabarani anaweza kuridhika na gari ambalo mwenzake wa milimani hataweza kulitumia.

Kwa hiyo chukua futikamba uende nayo yadi. Kaa kwenye kiti cha dereva kwanza, kirekebishe kama unavyoendesha kweli, na abiria wako wa mbele afanye hivyo hivyo. Kisha laza viti vya nyuma na upime sakafu kutoka migongo ya viti vya mbele hadi mlango uliofungwa. Watu wengi hupima viti vya mbele vikiwa vimesukumwa mbele kabisa, na mtu mrefu akishaingia, sentimita 20 zimepotea. Pima mlango wa nyuma kutoka kwenye kufuli lake hadi ukingo wa juu, kwa sababu hapo ndipo kimo kinapokuwa kidogo kuliko ndani. Pima upana kati ya matao ya magurudumu. Gusa sakafu: je, kiti kilicholala kiko sawasawa na buti, au kuna kidaraja katikati? Kidaraja kinabeba uzito wote wa fremu mahali pamoja. Inua mlango wa nyuma uuache juu wakati wote unapopima, uone kama shokamzoba zake bado zina nguvu. Mlango unaoshuka polepole juu ya kichwa cha mtu aliyeinama na baiskeli mikononi ni hatari.

Na bora kuliko futikamba, nenda na baiskeli yenyewe. Hakuna muuzaji wa kweli atakayekukatalia. Kama unaagiza kutoka Japani na gari hujaliona, mtafute mtu hapa mjini mwenye gari la aina hiyohiyo na chasisi hiyohiyo, umwombe dakika kumi. Chasisi ina maana: Fielder NZE121, NZE141 na NZE161 zina jina moja, lakini ni maumbo matatu tofauti.

Tukitaja magari, sisi tunaipenda Probox, na tunaipenda kwa dhati. Ilitengenezwa tangu mwaka 2002 kwa ajili ya kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa Japani, na inaonekana. Mlango wa nyuma umesimama karibu wima, paa halishuki, kuta za ndani zimenyooka. Kwa ile ya mizigo iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2014, Toyota wenyewe walitaja sakafu ya sentimita 181 wakiwa wamekaa watu wawili, kimo cha sentimita 93.5, na mzigo wa kilo 400. Baiskeli mbili za inchi 29 zinasimama wima humo, magurudumu ya mbele yakiwa yametolewa na viti vya baiskeli vimeshushwa. Udhaifu wake ni abiria wa nyuma: kwenye Probox ya mizigo mgongo wa kiti cha nyuma ni mwembamba na umesimama wima, na safari ya kwenda Lushoto juu yake ni ndefu. Zipo pia za abiria, zilizotengenezwa kabla ya 2014, zenye kiti kinene zaidi. Uliza ni ipi kabla ya kulipa.

Fielder ni tulivu zaidi barabarani na inakula mafuta kidogo, lakini kioo chake cha nyuma kimelala, kwa hiyo baiskeli kubwa hailingani na mlango ikiwa imesimama. Utailaza. Hilo halina shida kwa watu wawili. Subaru Outback na Forester zinafaa kwa mtu anayekwenda mbali na lami. Zote zinaendesha magurudumu manne, na Outback ya kuanzia 2009 ina urefu wa karibu mita 4.8, kwa hiyo sakafu ipo. Hesabu tu mafuta na vipuri mapema. Na wewe mwenye IST, usivunjike moyo. Baiskeli moja inaingia ukitoa magurudumu yote mawili na kulaza viti. Tumefanya hivyo mara nyingi.

Angalia pia tairi la akiba liko wapi. Likiwa chini ya sakafu ya buti, siku ya pancha utashusha baiskeli zote kando ya barabara ndipo ulifikie. Wengine huliweka juu kabla ya kupakia, na tunawashauri wengi wafanye hivyo.

Namna ya kupakia. Kabla ya kushusha kiti cha baiskeli, zungushia utepe kwenye bomba lake ili ukirudishe kwenye kimo chako. Weka mnyororo kwenye gia ndogo ya nyuma, ili kifaa kinachohamisha mnyororo kiingie ndani kisitokeze. Baiskeli ya kwanza ilazwe upande wa mnyororo ukiwa juu. Weka blanketi zito au kipande cha godoro, kisha laza ya pili mzungu wa nne, usukani wa moja ukielekea gurudumu la nyuma la nyingine. Ukizilaza zikiangalia upande mmoja, sukani zitagombana na hutaweza kufunga mlango. Pedeli inayochoma fremu ya jirani itoe kwa spana ya 15, ukikumbuka kuwa ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia, yaani kwa kuzungusha kama mshale wa saa.

Kosa linalotuletea wateja wengi Jumatatu asubuhi ni breki za diski za mafuta. Gurudumu likishatoka, mtu akibana mkono wa breki hata mara moja, pedi zinakutana na hazirudi, na diski haiingii tena. Watoto hupenda sana kubana breki ya baiskeli iliyolala. Chomeka kipande cha plastiki au kadibodi nene iliyokunjwa katikati ya pedi mara tu unapotoa gurudumu. Tunavigawa bure dukani, chukua viwili.

Halafu ifunge. Baiskeli ya kilo 14 iliyolala kwa utulivu haibaki imelala ukikanyaga breki ghafla mbele ya punda pale Kisongo. Inakuja mbele, kwenye shingo zenu. Tumia mkanda wenye kufuli au kamba ya manila, upitishe kwenye fremu na kwenye zile kulabu za sakafuni. Mpira wa tyubu peke yake unavutika, hautoshi. Magurudumu uliyoyatoa nayo yafungwe. Kwa baiskeli ya umeme, toa betri uiweke chini karibu na miguu ya abiria, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani.

Karakanani tunatengeneza mbao za plaiwudi zilizokatwa kwa kipimo cha gari lako, zenye vishikio vya kubana foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ili baiskeli isimame bila kuegemea kitu. Kabla hatujakata tunahitaji kujua foki yako inatumia ekseli gani: ya zamani ya milimita 9, au ile nene ya kupenya ya 12 au 15, na kama upana wake ni milimita 100 au 110. Kama hujui, njoo na baiskeli, tutapima. Kupima ni bure, hata kama gari bado hujanunua. Tupigie tu siku moja kabla tusije tukagongana na foleni ya Jumamosi.

Yule baba hakuuza Fielder yake. Kiti chake kinagawanyika, kwa hiyo tulilaza kipande kidogo, tukatoa magurudumu yote mawili ya baiskeli ya mkewe, na fremu ikapita pembeni mwa watoto, juu ya ubao tuliomkatia. Yake ya kwake inapanda juu ya paa, kwenye kerieri, na tumemwekea bango dogo kwenye dashibodi kumkumbusha kimo cha gari likiwa na baiskeli juu kabla hajaingia geti lenye paa.